Neno moja lilivyonitoa jasho Chamwino

Kazi ile niliipata kwa sababu ya bei. Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya hapa Dodoma, na jioni nilikuwa nikitafsiri karatasi za watu: wosia, mikataba ya viwanja, vyeti vya kuambatanisha na maombi ya viza. Taasisi moja ndogo inayofundisha wasaidizi wa kisheria wa vijijini ilikuwa imezunguka mjini ikitafuta mtafsiri, bei zikawashinda, mwisho wakaelekezwa kwangu. Tukakubaliana malipo kwa ukurasa. Wakaniachia bahasha nene ya kaki na maneno haya: "Mwalimu, haya ni mapendekezo ya Geneva na majibu ya Serikali yetu. Tunataka mwananchi wa kawaida ayaelewe."

Nikasema hakuna shida. Geneva nilikuwa naijua kwa kuisikia redioni.

Kilichokuwa ndani ya bahasha nilikuja kukielewa baadaye, ila nikieleze sasa. Umoja wa Mataifa una Baraza la Haki za Binadamu, lenye nchi wanachama 47, ambalo Baraza Kuu liliunda mwaka 2006. Moja ya kazi zake ni kuita kila nchi duniani, kwa zamu, ije ieleze inavyowatendea watu wake. Hakuna anayerukwa: Marekani inaitwa, Uchina inaitwa, Burundi inaitwa, na sisi tunaitwa. Wenyewe huita zoezi hilo UPR, kifupi cha Kiingereza cha Universal Periodic Review. Zamu yetu ya kwanza ilikuwa Oktoba 2011, ya pili tarehe 9 Mei 2016. Serikali hupeleka taarifa yake, mashirika ya Umoja wa Mataifa hupeleka yao, na asasi za kiraia nazo hupeleka zao, ambazo hukusanywa na kufupishwa. Kisha hukaliwa kikao cha saa tatu na nusu, nchi nyingine zinapewa nafasi moja moja, dakika za kuhesabu, zinasema: tunapongeza hili, tunapendekeza mfanye lile. Mwaka ule tulitoka mle ndani na mapendekezo 227.

Mapendekezo 227 huwezi kuyajibu yote ukiwa umekaa kwenye kiti kile. Mengine Serikali ilijibu palepale, mengine ikasema itakwenda kushauriana nyumbani, na jibu la mwisho likatolewa Septemba kwenye kikao cha Baraza lenyewe. Ndilo nililokuwa nimeletewa.

Nilipoanza kutafsiri niliona kila pendekezo lina jibu la neno moja mwishoni, na maneno yenyewe kwa kawaida ni mawili: ama "supported", ama "noted". La kwanza halikunisumbua, nikaandika "limekubaliwa". La pili nikalifungulia kamusi. Kamusi ikanipa angalia, tia maanani, zingatia. "Limezingatiwa" likanikaa vizuri mdomoni. Lina heshima yake, halina kelele, linanukia ofisi. Nikaiamuru kompyuta iliweke kila mahali kwa mkupuo mmoja, nikamalizia kurasa zilizobaki, na usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyekwisha kuzitumia hela ambazo bado hajalipwa.

Wakati huo, kwa taarifa tu, mji wote ulikuwa na habari moja. Julai Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba Serikali sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya kusubiri tangu uamuzi wa TANU wa mwaka 1973, na mwishoni mwa Septemba Waziri Mkuu akahamia. Kodi za nyumba zilipanda wiki hadi wiki. Kila mwenye chumba Area C alijiona mwekezaji. Mapendekezo ya Geneva hayakuwa habari kwa mtu yeyote ninayemfahamu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Taasisi ikaniomba niende nao kijijini nikasome mwenyewe, kwa kuwa wasaidizi wa kisheria walikuwa wanagugumia kwenye maneno yangu. Tulikwenda Novemba, wilaya ya Chamwino, njia ya Mvumi. Anayeijua Dodoma anajua Novemba ikoje: mvua zetu ni za msimu mmoja tu, bado hazijaanza, ardhi imekuwa nyeupe, na kila mtu akiongea nawe jicho moja liko mawinguni. Watu kama sitini walikuwa wamekaa chini ya mbuyu. "Mbukwenyi!" "Mbukwa!" Mwenyekiti wa kijiji akafungua, mtendaji akafungua daftari lake la muhtasari, mimi nikasimama na karatasi zangu zilizopigwa muhuri wa taasisi.

Hatukusoma yote 227, tungekesha. Tulichagua yanayogusa kijiji. Ukeketaji. Ulinzi wa watu wenye ualbino. Vyeti vya kuzaliwa. Nilikuwa nasoma pendekezo, natulia kidogo, kisha nasema "Limekubaliwa." Watu wanatikisa kichwa. Nikafika kwenye viboko: kupiga marufuku adhabu ya viboko kwa watoto mahali popote, shuleni pakiwemo. Nikatulia. "Limezingatiwa."

Vigelegele.

Havikutoka kwa wote. Vilitoka kwa akina mama wachache waliokaa upande wa kulia, na mmoja wao, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alisimama kabisa. Wanaume walinyamaza. Mimi nikatabasamu, nikidhani wamefurahia usomaji wangu, nikaendelea na adhabu ya kifo, ambayo nayo ilikuwa imezingatiwa, na hapo hakuna aliyepiga kigelegele kwa kuwa haikuwa ya kwao.

Simu ilikuja Jumatano iliyofuata. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale alikuwa mtu wa maneno taratibu. "Mwalimu mwenzangu," akaniambia, "shikamoo yako nimeipokea, lakini hii karatasi yako imeniletea kesi."

Yule mama wa mtoto mgongoni alikuwa na mwanawe mwingine darasa la nne. Jumatatu kijana alichelewa namba, akachapwa. Mama akaja shuleni na karatasi yetu, ameikunja mara nne, akaiweka mezani kwa mwalimu mkuu na kidole juu ya mstari. Serikali imezingatia. Imepigwa muhuri. Kwa nini mwanangu amechapwa? Mwalimu mkuu akamtolea kanuni, zile za mwaka 1979 ambazo zimerekebishwa baadaye, zinazosema nani anaruhusiwa kuchapa, viboko visizidi vinne, na kwamba kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Akamwonyesha na kitabu chenyewe, jina la kijana limeandikwa, viboko viwili. Mama akasema kanuni ni ya 1979 na karatasi ni ya mwaka huu, sasa ipi ni mpya? Kwa kweli hoja yake haikuwa na kasoro. Akamchukua mwanawe, wakaenda nyumbani, na tangu siku hiyo kijana alikuwa hajarudi shule.

Nikapanda gari kurudi kule, safari hii kwa nauli yangu.

Tulikaa wanne ofisini kwa mwalimu mkuu: yeye, mtendaji wa kijiji, yule mama na mimi. Karatasi ilikuwa mezani, imeshachakaa kwenye mikunjo. Mwalimu mkuu akauliza, bila ukali, "Sasa Serikali imezingatia nini hasa? Mimi sijaletewa waraka."

Kabla sijajibu, mtendaji akacheka. "Mimi nilielewa tangu siku ya mkutano," akasema. "Kwenye muhtasari wangu nikiandika 'hoja imezingatiwa', ujue hiyo hatutaizungumza tena."

Yule mama akamgeukia. "Mimi mwanangu nikimwambia jambo akaniambia 'mama nimezingatia', namtegemea akalifanye. Asipolifanya ananidanganya."

Nikabaki pale, mwalimu wa Kiswahili mwenye cheti, nimekaa katikati ya watu wawili ambao wote wana haki. Neno moja, maana mbili. Ya nyumbani inaahidi, ya ofisini inafunga mjadala. Mimi nilikuwa nimelichukua la ofisini nikalipeleka nyumbani kwa watu bila kuwaonya.

Ikabidi niseme. "Mama, kosa ni langu. Serikali haikulikubali lile pendekezo."

Hakukasirika, ndicho kilichoniuma zaidi. Aliikunja karatasi tena, mara nne vilevile. "Sasa kwa nini wasiseme hapana?"

Kijana alirudi shule kesho yake. Swali mimi niliondoka nalo.

Nilipofika mjini nilitafuta kanuni yenyewe ya zoezi lile, azimio la mwaka 2007 lililoweka utaratibu wa Baraza. Nilikaa kwenye stationari moja karibu na Sabasaba, nalipia intaneti kwa saa, nasoma aya kwa aya. Nikaikuta. Inasema kwamba mapendekezo yanayoungwa mkono na nchi husika yataonyeshwa hivyo, na mengine, pamoja na maelezo ya nchi hiyo, yata-"notiwa". Nilisoma mara tatu. Neno hapana halimo. Kukataa hakumo. Waliotunga utaratibu hawakuweka chumba cha kukataa, waliweka sebule moja ya wanaokubali na ukumbi mmoja wa "mengine".

Na kuna jambo jingine pale ambalo mtu wa sarufi lazima alione. Anayenoti ni nani? Ukisoma vizuri, si Serikali. Ni taarifa ya Baraza ndiyo inayoliandika pendekezo kwamba lilitolewa na halikuungwa mkono. Serikali haijazingatia kitu chochote. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na msikilizaji wa Kiswahili, akisikia "limezingatiwa" kwenye karatasi inayoanza na maneno "Majibu ya Serikali", anamweka mtenda mwenyewe: limezingatiwa na Serikali. Yule mama alifanya hivyo. Mimi pia nilifanya hivyo usiku ule na kamusi yangu, na nilikuwa nalipwa.

Nikaandika upya. Toleo langu la pili lilisema: "Serikali haikuafiki. Pendekezo limebaki kwenye taarifa pamoja na maelezo ya Serikali." Nikalipeleka kwa mkurugenzi wa taasisi, mzee mwungwana aliyewahi kufanya kazi serikalini muda mrefu. Akalisoma, akavua miwani.

"Mwalimu, 'haikuafiki' litatuletea maneno."

"Lakini ndiyo maana yake, mzee."

"Maana yake ni noted."

Tulibishana siku mbili. Alinipendekezea "limepokelewa", nikamwambia hilo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu ukipanda daladala yoyote ya mji huu wakati wa Bunge utasikia kwenye redio ya dereva: Serikali imepokea ushauri wa Mheshimiwa Mbunge na itaufanyia kazi. Mwenye kusikia "imepokea" anasubiri ufanyiwe kazi. Akapendekeza "limebainishwa". Nikamwuliza, mzee, wewe ukienda nyumbani mama akakwambia ombi lako la nyama limebainishwa, utaelewa unakula nini? Akacheka mpaka akakohoa. Hapo nikajua nimemkaribia.

Tulikubaliana kitu ambacho hakikuwa changu wala chake. Jedwali likawa na safu tatu. Ya kwanza pendekezo. Ya pili, "Serikali ilikubali?" na chini yake ndiyo, hapana, au sehemu. Ya tatu ndefu kuliko zote: "Serikali ilieleza nini." Mzee ndiye aliyeidai hiyo ya tatu, akisema ukimwandikia mtu hapana bila sababu yake umemsingizia nusu. Nilinung'unika kwa kuwa iliniongezea kazi kwa malipo yaleyale. Lakini alikuwa sahihi.

Safu ya tatu ndiyo iliyokuja kuzungumzwa zaidi kuliko zote. Kwenye viboko, hoja ya Serikali kwa miaka hiyo ilikuwa kwamba kiboko cha shule, kikichapwa kwa kufuata kanuni, ni adhabu halali ya nidhamu. Tulipoirudisha ile karatasi vijijini, wazee wengi wa kiume waliunga mkono Serikali waziwazi, na walimu pia, na baadhi ya akina mama. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," mmoja akasema, na mwenzake akamjibu kwamba umleavyo si umchapavyo. Wakabishana nusu saa nzima. Kwenye adhabu ya kifo walishangaa kusikia kwamba sheria ipo, majaji wanaendelea kuitamka, lakini hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994. Babu mmoja akauliza, sasa waliohukumiwa wanasubiri nini? Hilo nalo halikuwa na safu.

Jambo nililochelewa kuliona ni kwamba jibu la Serikali kwa mkutano wa kimataifa halipatikani kwenye karatasi ya Geneva peke yake. Chukua ndoa za utotoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Mei 2016 tunasemwa Geneva. Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba na virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Septemba Serikali inasoma majibu yake Geneva. Halafu Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Ile rufaa nayo ni jibu, tena lililoandikwa kwa lugha isiyo na ukungu. Mahakama ya Rufani iliitupa tarehe 23 Oktoba 2019, na bado sheria ikabaki kabatini bila kuguswa. Mimi niliyekuwa nahangaika na kitenzi kimoja nikaona nimekuwa nikisoma ukurasa mmoja wa barua yenye kurasa tano, nyingine ziko mahakamani, nyingine bungeni, nyingine kwenye bajeti.

Ni haki niseme na upande wa pili. Siku taasisi ilipoitwa kwenye semina ya siku moja hapa mjini, mwaka 2021, nilikaa meza moja na ofisa wa serikali aliyekuwa amehusika na kuandaa majibu ya nyuma. Dodoma ilikuwa imeshakuwa jiji, wizara ziko Mtumba, na watu tuliokuwa tukiwafuata Dar es Salaam kwa basi la usiku sasa tunakutana nao kwenye foleni ya chai. Nilimwuliza lile swali la yule mama. Akachovya kitumbua, akasema, "Dada yangu, kukubali ni kama kukopa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Miaka minne na nusu haijaisha vizuri wanarudi na daftari: mlisema mtafanya hili, liko wapi? Na anayeulizwa siku hiyo huenda ni mimi. Kwa hiyo jambo ambalo wizara husika haijanipa bajeti wala muswada, siwezi kulitia saini ili nionekane mwema." Akaongeza, huku akicheka, kwamba nchi nyingine zinapendekeza vitu ambavyo kwao havijawahi kuonekana.

Sikuwa na jibu la haraka. Nafikiri alikuwa mkweli, na mtu anayeogopa kuahidi uongo si mtu mbaya. Ila nilimwambia kwamba mkopaji anayekataa mkopo husema sitaki, hasemi mkopo wako umezingatiwa. Akanyanyua kikombe kama mtu anayekubali, au kama mtu anayezingatia.

Raundi ya tatu ilikuwa tarehe 5 Novemba 2021, na mapendekezo yalifika 252. Kabla ya kutafsiri safari hii niliyachapa yote, nikayatandaza sebuleni, nikachukua kalamu za rangi za mwanangu. Nilikuwa nimejifunza kuanza na kitenzi cha anayependekeza. Rangi ya kijani niliipaka kila penye "endeleeni": endeleeni kuimarisha elimu, endeleeni na juhudi za kupambana na umaskini. Ya njano nikaipaka "fikirieni" na "chukueni hatua za kuelekea". Nyekundu nikaipaka "futeni", "ridhieni", "rekebisheni kifungu". Kazi ilichukua Jumamosi nzima, mwanangu ananung'unika kuhusu kalamu zake.

Majibu yalipotoka Machi 2022, nikayalinganisha na rangi zangu. Kijani ilipita karibu yote. Nani atakataa kuendelea? Anayekwambia "endelea" amekupa zawadi, na wewe unaihesabu kwenye yale uliyoyakubali. Mzozo ulikuwa kwenye nyekundu. Tangu hapo, mtu akiniambia nchi fulani imekubali mapendekezo mengi sana, namwuliza kwanza yalikuwa na vitenzi gani. Hesabu bila kitenzi ni magunia bila kujua ndani kuna uwele au pumba.

Mwezi ule wa Novemba 2021 ulikuwa na mambo. Tarehe 23 UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, nasi walimu tukatumiana pongezi kana kwamba tumefunga goli. Tarehe 24, siku kumi na tisa tu baada ya kikao cha Geneva, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mapendekezo ya kuruhusu hilo yalikuwemo kwenye zile 252, mimi mwenyewe niliyapaka nyekundu. Sitadai kwamba Geneva ndiyo iliyofungua geti. Waliokuwa wakigonga walikuwa wengi, ndani na nje, kwa miaka. Ninachosema ni kwamba siku ile jibu halikuwa na utata wa kitenzi. Nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa anauza mboga Majengo, akiwa na mtoto wa miaka miwili, nikamwambia, rudi. Akaniuliza, "Wamesema wataruhusu, au wameruhusu?" Nikajua huyu nilimfundisha vizuri.

Mwaka 2022 nilirudi kule kijijini na jedwali jipya la safu tatu. Mbuyu upo. Mwalimu mkuu alikuwa amehamishwa. Mtendaji alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo. Yule mama alikuja akiwa na binti aliyekuwa mgongoni mwake siku ile, sasa amevaa sare ya shule, na kijana wa viboko viwili yuko kidato cha tatu, amemzidi mama yake urefu. Alichukua karatasi, hakusubiri nimsomee. Alishusha kidole kwenye safu ya pili, mstari kwa mstari, midomo ikitembea.

"Hapa wamesema hapana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hapa sehemu. Sehemu ipi?"

"Soma safu ya tatu."

Akasoma. Akaendelea kusoma wakati mkutano umeshaanza, mwenyekiti anazungumzia josho la ng'ombe.

Mwishoni niliomba nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ikae pale hata sisi tukiondoka. Mtendaji alikuwa anaandika. "Ombi lako limepokelewa, mwalimu," akasema bila kuinua kichwa.

"Limepokelewa au limekubaliwa?"

Akainua kichwa, akacheka kicheko chake kilekile cha mwaka ule, akafunga daftari. Pini hazikuwepo. Akamtuma kijana wa yule mama, akarudi na miiba ya mgunga, mirefu, myeupe, ile inayotoboa mpaka tairi. Walibandika karatasi kwa miiba minne. Upepo wa Dodoma ukainyanyua kona ya chini, pale zilipokuwa zile hapana, karatasi ikawa inapigapiga ubao.

"Ongeza mmoja hapo chini," yule mama akamwambia mwanawe.